Kutoka Mashamba ya Nyeri Hata Tuzo za Dunia

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri kwa njia ya Karatina huuona Mlima Kenya upande wake wa kuume, na safu ya Nyandarua upande wa kushoto. Kati ya milima hiyo ni nchi ya vilima na mabonde, yenye udongo mwekundu na mito ya maji baridi, nayo imejaa kahawa, chai, mahindi, viazi na migomba. Wenyeji wake wasifika sana kwa kazi ya jembe. Lakini yafaa ikumbukwe pia kwamba Nyeri imezaa wanawake wawili waliojifunza elimu ya viumbe hai hata majina yao yakajulikana katika mabara yote. Wa kwanza ni Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wa pili ni Daktari Florence Wambugu, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, ambaye mradi wake wa migomba ulipata tuzo mwaka 2000, na yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Yara mwaka 2008.

Nia ya makala haya si kuwasifu tu, maana sifa zao zimekwisha kuandikwa na wengi. Twataka kujibu swali ambalo mzazi mwenye shamba la ekari mbili ana haki ya kuuliza, wakati anapohesabu fedha za karo na kuona hazitoshi: Je, elimu hii ndefu, inayokula miaka ishirini ya ujana wa mtu, humrudishia mkulima nini? Ili tulijibu swali hilo kwa haki, yatupasa kusimulia mafanikio pamoja na mambo yaliyoshindikana. Mkulima aujua mwaka mbaya kama aujuavyo mwaka mzuri, wala hataiamini hadithi isiyokuwa na ukame ndani yake.

NG'OMBE ALIYEUZWA KWA AJILI YA SHULE

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Tetu, chini ya milima ya Nyandarua. Alipokuwa mtoto mdogo alikaa na wazazi wake karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mlowezi. Huko shambani hapakuwa na shule, na ndugu zake wawili walikuwa wakisoma Ihithe. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 1947 alirudi kijijini pamoja na mama yake. Wavulana walikwenda shule, na Wangari akabaki nyumbani kumsaidia mama kazi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Siku moja kaka yake alimwuliza mama kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akaona kwamba hapana sababu ya kumzuia. Ndipo mtoto akaingia Shule ya Msingi ya Ihithe, akiwa na umri wa miaka minane. Baadaye alisoma St. Cecilia's katika misheni ya Kikatoliki ya Mathari, Nyeri, kisha Loreto, Limuru, ambako mtawa mmoja aliyefundisha sayansi alimtia hamu ya kuvijua viumbe hai.

Florence Wambugu alizaliwa mwaka 1953, naye pia ni wa Nyeri, katika nyumba ya watoto wengi ambayo viazi vitamu vilikuwa chakula chake cha kila siku. Amesimulia mwenyewe kwamba ulipofika wakati wa kwenda shule ya sekondari, mama yake alimwuza ng'ombe wa pekee wa nyumba ile ili karo ipatikane.

Mtu asiyefuga aweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini mfugaji ajua kwamba ng'ombe wa pekee ni maziwa ya watoto, ni samadi ya shamba, tena ni akiba ya siku ya ugonjwa. Kumwuza ni kuyatoa yote matatu kwa siku moja. Na katika miaka ile wako wazazi wengi waliosema kwamba kumsomesha msichana ni kuwatajirisha wakwe zake. Mama huyu hakupewa hakikisho lolote kwamba fedha yake ingerudi. Alipanda mbegu asiyoijua muda wake wa kukomaa.

KUPE WALIOMPELEKA MTONI

Mwezi Septemba 1960 Wangari alikuwa mmoja wa vijana wa Kenya, kiasi cha 300, waliopelekwa Marekani kusoma kwa mpango ulioungwa mkono na Bwana Tom Mboya na Seneta John F. Kennedy. Alisoma elimu ya viumbe katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, akapata shahada yake mwaka 1964. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akapata shahada ya pili mwaka 1966. Kazi aliyojifunza huko haina fahari machoni pa watu: kukata vipande vyembamba sana vya mwili wa kiumbe, kuvitia rangi, na kuvitazama kwa hadubini ili kujua jinsi vilivyoumbika. Ni kazi ya subira, kwa kuwa kipande kikikatwa vibaya chote hutupwa, na mtu huanza upya.

Aliporudi Nairobi mwanzoni mwa 1966 alikuwa na barua ya kumwita kazini katika chuo kikuu. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi ile amekwisha kupewa mtu mwingine. Aliona wazi kwamba jinsia yake na kabila lake vilihesabiwa kuliko shahada zake. Baada ya miezi ya kutafuta, Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen aliyekuwa akijenga idara mpya ya elimu ya maumbile ya wanyama, alimchukua, maana alihitaji mtu ajuaye kutayarisha vile vipande vya hadubini. Tazama jinsi ujuzi ulioonekana mdogo ulivyomfungulia mlango ambao barua ilishindwa kuufungua.

Kwa msaada wa profesa huyo alisoma pia Giessen na München nchini Ujerumani. Mwaka 1971 Nairobi ilimpa shahada ya udaktari, naye ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Uchunguzi wake ulihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe, dume na jike, vinavyoanza kuumbika ndani ya mimba. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara yake, na mwaka 1977 akawa profesa mshiriki.

Hapo ndipo kazi yake ilipogeuka, na kilichoigeuza ni kupe. Ndigana kali ni ugonjwa unaowaua ng'ombe wengi, hasa wa kizungu na machotara, na unaenezwa na kupe wakaao masikioni. Wangari alikuwa akienda mashambani kuwakusanya kupe hao kwa ajili ya uchunguzi. Lakini alipokuwa akiwatazama kupe aliwatazama na ng'ombe wenyewe, akaona mbavu zao zimetokeza kwa kukosa malisho. Akaitazama mito, akaona maji mekundu kwa udongo wa mashamba. Alianza kuona kwamba ng'ombe wa nchi ile walikuwa na adui mwingine mbali na kupe, naye ni ardhi iliyovuliwa nguo.

Katika siku zile zile alikuwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na huko alisikia habari za watoto wa Mkoa wa Kati waliodhoofika kwa chakula kibaya. Jambo hilo lilimshangaza, maana mkoa ule ulihesabiwa kuwa wenye neema. Sababu yake ilikuwa kuni. Tangu Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 watu wengi walikuwa wamepanda kahawa na chai, na miti ikakatwa ili kutoa nafasi. Fedha iliingia, lakini mama aliyekosa kuni hakuweza tena kuchemsha githeri kwa saa nyingi, akawapa watoto mkate mweupe na vyakula viivavyo upesi. Kadhalika Wangari alikumbuka mugumo mkubwa wa karibu na kwao Ihithe, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake. Karibu na mti ule palikuwa na chemchemi. Aliporudi kutoka ng'ambo alikuta mwenye shamba mpya ameukata apande chai, na chemchemi imekauka.

Mtaalamu aliyezoea kufuata mshipa mmoja ndani ya mwili wa ng'ombe alifuata sasa mshipa mwingine: kutoka mti hata maji, kutoka maji hata malisho, kutoka malisho hata maziwa, na kutoka kuni hata sahani ya mtoto. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kazi hiyo ikakua ikawa Green Belt Movement, yaani Chama cha Ukanda wa Kijani.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda sawasawa. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu biashara ya kitalu katika msitu wa Karura, na miche yake mingi ikafa kwa kukosa maji. Hata wanawake walipotaka kuotesha miche, mabwana miti waliona kwamba kazi hiyo yahitaji watu wenye vyeti. Wangari aliwaambia wanawake watumie akili waliyo nayo, kama wanavyopanda maharagwe na mahindi bila cheti. Waliokota mbegu za miti ya kwao, wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika. Chama kiliweka sharti moja la busara: mwanamke alilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi, wala si kwa mche uliopandwa tu. Kwa hiyo kila mmoja alijifunza kulinda, kumwagilia na kuhesabu.

Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Aliondolewa katika orodha ya wagombea, na alipotaka kurudi chuoni hakupokewa. Hivyo baada ya miaka 16 ya kazi alibaki bila mshahara, na shahada tatu mkononi. Miaka iliyofuata alishindana na wakubwa wa nchi juu ya misitu na viwanja vya watu wote; mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park, na halikujengwa. Alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1984 na Tuzo ya Goldman mwaka 1991. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge wao.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa safarini kwenda kwao aliposikia kwa simu kutoka Norway kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Aliisherehekea kwa kupanda mti katika bustani ya Hoteli ya Outspan, Nyeri, akiuelekea Mlima Kenya. Wakati ule miti iliyopandwa na chama chake ilikuwa imepita milioni 30. Watu wengine waliuliza mti na amani vina uhusiano gani. Mkulima hana haja ya kuuliza; ajua kwamba majirani wengi hugombana kwa ajili ya maji, malisho na mpaka. Profesa Wangari alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011.

VIAZI VILIVYOSHINDIKANA NA MIGOMBA ILIYOSTAWI

Njia ya Florence Wambugu ilikuwa nyingine. Yeye alibaki na mimea na magonjwa yake. Alipata shahada ya kwanza Nairobi mwaka 1978, akaingia katika uchunguzi wa kilimo wa Serikali. Mwaka 1984 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha North Dakota State, Marekani, na mwaka 1991 shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kwa uchunguzi wa virusi vya viazi vitamu. Tangu ng'ombe kuuzwa hata shahada hiyo kupatikana ilipita zaidi ya miaka ishirini.

Kwa nini alichagua viazi vitamu? Kwa sababu mabwana wakubwa wa dunia hawakuvijali, na kwa mama wa Nyeri ndivyo vilivyolisha nyumba. Kila mkulima ajua kwamba viazi vitamu havipandwi kwa mbegu bali kwa marando. Anakata marando ya shamba la zamani, au anaomba kwa jirani, na kuyapanda. Tatizo ni kwamba ugonjwa wa virusi ukiisha kuingia katika shina husafiri pamoja na marando, mwaka hata mwaka, kama deni linalorithiwa. Majani hupata madoa na kujikunja, viazi huwa vidogo, na mkulima hulaumu udongo.

Mwaka 1991 Daktari Wambugu alikwenda katika maabara ya kampuni ya Monsanto, St. Louis, Marekani, akafanya kazi huko miaka mitatu, akijaribu kuingiza ndani ya kiazi jeni la kukinga virusi. Mbegu hiyo ilijaribiwa katika mashamba ya uchunguzi ya Kenya tangu mwaka 2000. Watu wengi walitangaza mapema kwamba mkombozi amekuja. Walakini mwaka 2004 matokeo ya majaribio yalipojulikana, viazi vile havikuonyesha kinga iliyotarajiwa. Viazi vya kawaida vilivyopandwa kando yake havikushindwa. Zaidi ya hayo ulikuwapo ubishi mkubwa, nao upo hata leo, juu ya mbegu zilizobadilishwa jeni na juu ya makampuni yanayozimiliki. Daktari Wambugu alisimama upande wa kuzitetea, na wako wengine, wenye elimu kama yake, waliosimama upande wa pili. Msomaji ataamua mwenyewe. Sisi twasema hili tu: jaribio lilifanywa, lilipimwa, na matokeo yakajulikana ingawa hayakupendeza. Hiyo ndiyo heshima ya uchunguzi.

Kazi iliyompa tuzo ilikuwa ya migomba, tena haikuhitaji kubadili jeni lolote. Mgomba nao, kama kiazi kitamu, hauzai kwa mbegu. Mkulima hung'oa chipukizi katika shina la mama na kulihamisha. Pamoja na chipukizi huhamisha fukusi, minyoo midogo ya mizizi, na ugonjwa wa mnyauko. Katika miaka ya 1990 mashamba mengi ya migomba ya Mkoa wa Kati yalikuwa yamechoka kwa sababu hiyo.

Dawa yake yaeleweka kwa urahisi. Mtaalamu huchukua kiini kidogo kilicho ndani kabisa ya chipukizi zuri, ambako wadudu hawajafika, akakisafisha na kukitia katika chupa yenye chakula cha mimea. Kiini huchipuka, huganywa, huchipuka tena, mpaka kiini kimoja kimetoa mamia ya miche mfano mmoja. Miche hiyo huzoezwa udongo na jua katika kitalu, halafu hupewa mkulima ikiwa safi. Wakulima huiita migomba ya tishu. Daktari Wambugu, ambaye tangu mwaka 1994 aliongoza ofisi ya Nairobi ya shirika la ISAAA, aliieneza njia hii pamoja na taasisi ya Serikali ya utafiti wa kilimo. Yeye na mwenzake waliandika mwaka 2001 kwamba mgomba wa namna hiyo ulizaa kwa miezi 12 hata 16, badala ya miaka miwili au mitatu, na kwamba mkungu uliokuwa na kilo 10 hata 15 ulifika kilo 30 hata 45 mahali penye matunzo mazuri. Mwaka 2000 mradi ulipata tuzo ya Global Development Network, mtandao ulioanzishwa na Benki ya Dunia. Mwaka 2002 alianzisha shirika lake, Africa Harvest. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Yara, ya kampuni ya mbolea ya Norway, ambayo tangu 2016 yaitwa Tuzo ya Chakula ya Afrika. Na mwaka 2017 Mkenya mwingine, Profesa Ruth Oniang'o, alikuwa mmoja wa walioipata.

Lakini sharti tuseme na upande wa pili. Mche wa chupa hununuliwa, hali chipukizi la jirani hupatikana bure. Mche huo wahitaji shimo pana, samadi nyingi na maji, hasa katika miezi ya kwanza. Wala si mche usiougua: ukipandwa katika udongo wenye minyoo na mnyauko utaupata ugonjwa kama mwingine. Wako wakulima waliotumia fedha wakapanda bila maji, wakavuna hasara, wakasema elimu ni uongo. Mche ulikuwa safi, lakini hawakufundishwa kwamba usafi ni mwanzo tu wa kazi.

WASIOVISHWA NISHANI

Haitakuwa haki kuzungumza juu ya wenye tuzo tu. Mkulima wa kahawa wa Mathira, Kirinyaga, Embu au Meru amesaidiwa sana na watu ambao hajapata kuyasikia majina yao. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, unaofanya buni changa kuwa nyeusi na kuoza, ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikiisha ulienea vibaya sana, na gharama ya kupiga dawa yaweza kula karibu theluthi moja ya fedha ya shamba. Kuanzia mwaka 1971 wataalamu wa kituo cha Ruiru walichanganya aina za kahawa, wakihamisha chavua kwa mkono, ua kwa ua, wakipanda, wakingoja miaka mche uzae, wakitupa ulioshindwa. Mwaka 1985 walitoa Ruiru 11, yenye kustahimili ugonjwa huo. Wakulima walishukuru, lakini wengine walinung'unika kwamba ladha yake haikuifikia kahawa ya zamani ya SL28. Wataalamu walirudi kazini, na mwaka 2010 walitoa aina nyingine, wakaiita Batian, kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, chenye mita 5,199.

Tangu 1971 hata 2010 ni miaka 39. Wako walioanza kazi ile vijana, wakastaafu kabla haijatimia. Vivyo hivyo tangu Wangari arudi Nairobi mwaka 1966 hata Tuzo ya Nobel ilipita miaka 38, na tangu shahada ya kwanza ya Florence hata tuzo ya migomba ilipita miaka 22. Mzazi anayetaka faida ya elimu ya mtoto kabla ya mvua za mwaka kesho ataona uchungu bure.

YATUPASAYO

Basi, elimu imemrudishia mkulima nini? Imemrudishia mche safi wa mgomba, kahawa isiyohitaji dawa nyingi, na kitalu cha miti kando ya mto. Lakini katika kila habari tuliyoisimulia elimu ilianza kutoa matunda siku ile ilipokutana na mkulima mwenyewe. Miti ya Profesa Wangari isingefika hata elfu moja bila wanawake wenye vyungu vilivyovunjika. Migomba ya Daktari Wambugu isingetoka ndani ya chupa bila wakulima waliokubali kuchimba mashimo. Na kahawa ya Batian ilizaliwa kwa sehemu na manung'uniko ya watu walioionja ya kwanza wakasema wazi kwamba haitoshi.

Siku hizi safari ya elimu imekuwa fupi kuliko ilivyokuwa mwaka 1960. Kati ya mwaka 2012 na 2016 vyuo vya kuuzunguka Mlima Kenya, yaani Dedan Kimathi cha Nyeri, Karatina, Chuka, Meru na Embu, vilipewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Binti wa Othaya au wa Kerugoya aweza kujifunza elimu ya mimea na udongo bila kuvuka bahari. Karo ingali nzito, na kazi baada ya shahada si rahisi kupatikana. Hatuwezi kuficha jambo hilo. Kwa sababu hiyo twawaomba wazazi wasimwachishe msichana masomo ya hesabu na sayansi mapema kwa kudhani kwamba ni ya kaka zake. Na vijana wenyewe wakumbuke vile vipande vya hadubini: ujuzi mmoja wa mikono, uliojulikana barabara, mara nyingi hufungua mlango ambao cheti peke yake hakiufungui.

Kwa mkulima ambaye hana mtoto chuoni, nafasi yake katika kazi hii iko wazi. Mtu akija na mbegu mpya, amwulize: imejaribiwa wapi, kwa misimu mingapi, na kando yake ilipandwa nini ili kulinganisha? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, na arudi nayo. Akijibu vizuri, mkulima asilijaze shamba lote mara moja. Apande mistari miwili, mmoja wa mbegu mpya na mmoja wa mbegu yake ya zamani, katika udongo ule ule, kwa samadi ile ile na siku ile ile. Aandike katika daftari tarehe ya kupanda, mvua ilivyonyesha, na uzito wa mavuno ya kila mstari. Kisha ampelekee Bwana Shamba daftari hilo, au aende nalo katika kituo cha mafunzo ya wakulima cha Wambugu, Nyeri, siku ya maonyesho, awaulize wataalamu kwa nini mstari mmoja ulishinda. Wataalamu wa kweli watafurahi kuliona daftari hilo, kwa maana kazi yao nao huanza kwa mistari miwili na kalamu.